Je, wajua kwa nini kompyuta ilipofundishwa kuimba iliimba wimbo wa baiskeli?

Mwaka 1961, katika maabara za Bell huko Murray Hill, jimbo la New Jersey nchini Marekani, kompyuta ya IBM iliimba. Sauti yake ilikuwa ya puani, kama ya mtu aliyebanwa na mafua, lakini maneno yalisikika: Daisy, Daisy, nipe jibu lako. Wataalamu wale wangeweza kuchagua wimbo wa taifa, au wa kanisani, au kipande cha Mozart. Wakachagua wimbo wa kuchekesha uliovuma katika kumbi za pombe za London miaka karibu 70 nyuma, wa kijana asiye na hela anayembembeleza binti wa watu.

Wimbo wenyewe unaitwa "Daisy Bell". Ulitoka mwaka 1892, na aliyeutunga ni Mwingereza Frank Dean, ambaye kwenye sanaa alijiita Harry Dacre. Husimuliwa kwamba Dacre alipoingia Marekani alikuwa na baiskeli yake, na watu wa forodha wakamtoza ushuru. Rafiki yake, mtunzi William Jerome, akamtania: bahati yako hukuja na baiskeli ya watu wawili, ungelipa mara mbili. Maneno yale yakamganda kichwani. Kisa hiki kimepigwa pasi kidogo, kama visa vingi vya wanamuziki, lakini maneno "baiskeli ya watu wawili" ndiyo hasa yanayofunga kiitikio cha wimbo.

Kwa Kiswahili chetu, kiitikio kinasema hivi: Daisy, nipe jibu, nusu nimerukwa na akili kwa kukupenda. Harusi yetu haitakuwa ya fahari, gari la farasi siliwezi, lakini utapendeza ukikaa kwenye baiskeli ya watu wawili.

Ili mtu acheke, inabidi ajue baiskeli ilikuwa nini wakati ule. Miaka michache tu kabla, baiskeli ya Uingereza ilikuwa na gurudumu la mbele kubwa ajabu na la nyuma dogo kama la toroli. Mwendeshaji alikaa juu kabisa, na akianguka alitangulia kichwa. Mwanamke mwenye gauni la kufika chini hakuwa na pa kuanzia. Kisha mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akatoa baiskeli iliyoitwa Rover: magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, pedali katikati, mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Fundi baiskeli yeyote wa mtaani leo angeitazama na kujua aanzie wapi na spana yake. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, akaleta tairi la upepo, na mtikisiko ukapungua. Ghafla wanawake nao wakapanda, wazee wakanung'unika, na baiskeli ikawa ndiyo habari ya mjini.

Kwa hiyo yule kijana anaomba radhi huku akijisifu. Ni kama mtu wa leo amwambie mchumba wake, gari sina, lakini bodaboda ipo. Ila kuna tofauti moja ninayoipenda. Daisy hapakiwi kwenye keria akaning'iniza miguu pembeni. Baiskeli ya watu wawili ina pedali mbele na nyuma, maana yake bibi harusi naye atakanyaga, mlima na mteremko. Haikuchukua muda watu wakajitungia beti za kumjibia Daisy, na katika nyingi ya hizo anakataa kata kata: kama gari huliwezi, ndoa hakuna. Shangazi zetu wanaosimamia mambo ya mahari wangempigia makofi.

Aliyeufanya uvume London ni mwimbaji Katie Lawrence, na hapa ndipo siri ya wimbo huu ilipo. Kumbi alizoimbia, ambazo Waingereza waliziita music hall, zilikuwa zimekua kutoka kwenye vilabu vya pombe. Mojawapo ya mwanzo, Canterbury Hall ya Charles Morton, ilifunguliwa mwaka 1852 mtaa wa Lambeth. Watu walikuja kunywa, kula na kupiga soga, na burudani ikaendelea juu ya kelele zao. Kipaza sauti hakikuwapo. Mwimbaji alitegemea mapafu yake na kiitikio ambacho hadhira ingekidaka papo hapo. Mlevi aliyekaa nyuma kabisa, ambaye beti ya kwanza ilimpita akiagiza bia, alitakiwa kwenye kiitikio cha pili awe tayari anaimba. Asipoimba, wimbo umekufa usiku ule ule.

Sikiliza jinsi "Daisy Bell" inavyofanya kazi hiyo. Jina Daisy linatajwa mara mbili, na mara hizo mbili zinachukua noti nne tu. Kila noti inavutwa mapigo matatu kamili, zikishuka kama mtu anayeteremka ngazi taratibu. Dai, halafu sy, halafu Dai tena, halafu sy. Mtu anapata muda wa kuvuta pumzi, kuinua bilauri na kuyumba kulia na kushoto kabla noti inayofuata haijafika. Beti zake hata Waingereza wengi hawazijui. Kiitikio ndicho kilichobaki.

Sasa turudi Murray Hill. John Kelly na Carol Lochbaum ndio walioipa kompyuta sauti, na Max Mathews akatengeneza muziki wa kusindikiza, nao kwa kompyuta. Hawakurekodi mtu akiimba kisha wakamkatakata vipande. Waliichukulia njia ya sauti ya binadamu, kuanzia kooni hadi midomoni, kama mirija mifupi iliyounganishwa, mmoja mpana, mwingine mwembamba. Wimbi la sauti likifika kwenye kiungo cha mirija miwili, sehemu yake inapita mbele na sehemu inarudi nyuma. Ukibadilisha upana wa mirija umebadilisha irabu, kama sisi tunavyofanya kwa ulimi na taya bila kufikiri. Kompyuta ilipiga hesabu za mawimbi hayo, na tarakimu zilizopatikana ndizo zikageuzwa kuwa sauti.

Mashine ya namna hiyo inapenda irabu ndefu, na konsonanti za harakaharaka huisumbua. Inahitaji pia msikilizaji mwenye huruma, anayeyajua maneno kiasi kwamba pale sauti inapokwaruza, sikio lake linajazia lenyewe. Wimbo uliotengenezwa kwa ajili ya watu waliolewa ulikuwa na vyote viwili. Na kwa bahati ya kuchekesha, binti anayeposwa ana jina moja na maabara: Bell.

Mwandishi Arthur C. Clarke alipita katika maabara hizo akimtembelea rafiki yake John Pierce, akasikia kompyuta ikiimba. Hakusahau. Katika filamu ya mwaka 1968 aliyoiandika pamoja na Stanley Kubrick, "2001: A Space Odyssey", kompyuta iitwayo HAL inaua wanaanga, na aliyebaki anaingia kuizima, akichomoa sehemu za kumbukumbu yake moja baada ya nyingine. HAL inaomba, inasema inaogopa, kisha inarudi utotoni na kuimba wimbo iliofundishwa na mwalimu wake wa kwanza. Wimbo ni "Daisy Bell". Sauti inazidi kuwa nzito na ya polepole hadi inakatika. Kichekesho cha mwaka 1892 kikawa kilio cha msiba, na humo humo filamuni HAL inasema iliwashwa mwaka 1992, miaka 100 kamili baada ya wimbo kutoka.

Miaka saba baada ya filamu, mwaka 1975, wapenda kompyuta walikutana Menlo Park, California. Steve Dompier alikuja na Altair 8800, kisanduku kisicho na kibodi wala skrini, chenye swichi na vitaa tu. Akaingiza programu kwa kubofya swichi moja moja, umeme ukakatika baada ya mtu kujikwaa kwenye waya, akaanza upya. Kisha akaweka redio ndogo pembeni. Kompyuta haikuwa na spika, lakini umeme uliokuwa ukipita ndani yake ulileta mikwaruzo redioni, na Dompier alikuwa amegundua namna ya kuipanga mikwaruzo hiyo iwe noti. Ikapigwa kwanza "The Fool on the Hill" ya The Beatles. Watu wakashangilia. Kabla hawajanyamaza, redio ikaanza tena yenyewe, noti nne ndefu zikiteremka ngazi.