Briji mpya kwenye gitaa la bei nafuu: yasemwayo na yalivyo

Gitaa langu la kwanza la umeme lilikuwa nakala ya Stratocaster, au Strat, gitaa maarufu la kampuni ya Fender, na halikutulia kwenye tuni hata dakika kumi. Kila niliyemuuliza alinipa jibu lilelile: hiyo briji, kile chuma cha mwilini kinachoshika nyuzi, ni takataka, ing'oe utie nyingine. Nikaing'oa. Nilipokuja kujua kwamba ugonjwa ulikuwa mwisho mwingine kabisa wa shingo, hela zilikuwa zimeshakwenda na mbao ilikuwa na matundu mapya. Tangu siku hiyo nimefungua magitaa mengi ya aina hiyo, yangu na ya marafiki, na maneno ninayoyasikia hayabadiliki sana.

“Halishiki tuni kwa sababu briji ni mbovu”

Hii ndiyo inayowamaliza watu hela. Kaa mahali patulivu, shika uzi wa tatu, wa G, uukaze polepole. Ukisikia “tik” kisha sauti ikaruka juu kwa mkupuo bila kupita katikati, mwizi umemkamata, naye ni nati. Sisemi nati ya bolti. Nasema kile kipande chembamba, aghalabu cha plastiki, kinachokaa shingo inapokutana na kichwa, chenye mifereji sita ya kupitishia nyuzi. Kwenye magitaa ya bei nafuu mifereji hiyo mara nyingi imekatwa ovyo au imekuwa myembamba mno, kwa hiyo uzi unabanwa. Ukizungusha ufunguo, kile kitasa cha kichwani kinachokaza uzi, mvutano unajikusanya upande wa kichwa tu, halafu unaachia ghafla. Ukiuvuta uzi kwa kidole au ukibonyeza mkono wa tremolo, ile fimbo inayoinamisha briji, uzi unateleza kwenda lakini haurudi pale ulipotoka. Ugonjwa huo hautibiwi na briji, hata ingekuwa ya dhahabu.

Jaribu kwanza kusugua ncha ya penseli laini ndani ya kila mfereji. Unga wake hulainisha njia ya uzi. Ikiwa “tik” bado ipo, mifereji inahitaji tupa nyembamba na mkono wenye subira, au nati mpya ya mfupa. Kuwa mwangalifu, maana ukizidisha kina, uzi utagonga freti ya kwanza, ile pau ya chuma ya shingoni iliyo karibu na nati, na utaanza upya.

Mshitakiwa wa pili ni jinsi nyuzi zilivyofungwa. Kwenye funguo za kawaida mizunguko miwili au mitatu iliyopangwa vizuri kwenda chini inatosha. Nimewahi kupokea gitaa lenye mizunguko saba imepandana kama kamba ya ndoo ya kisimani, na mwenyewe anailaumu briji! Nyuzi mpya nazo zinataka kunyooshwa kwa mkono mara kadhaa kabla hazijatulia.

“Weka funguo za 18:1, zinashika kuliko za 14:1”

Namba hizo zinaeleza tu kwamba ni lazima uzungushe kitasa mara 18, au 14, ili nguzo inayobeba uzi izunguke mara moja. Uwiano mkubwa unakupa urahisi wa kurekebisha kidogo kidogo. Kushika ni suala la ubora wa meno ya ndani na skrubu zilizokazwa. Funguo zinazobana uzi zina faida ya kweli, kwa sababu hazihitaji mizunguko mingi na kubadilisha nyuzi kunakuwa haraka. Lakini pima tundu la kichwa kabla ya kuagiza: funguo nyingi za kisasa zinataka milimita 10, na zile za mtindo wa zamani zinakaa kwenye tundu dogo zaidi.

“Strat ni Strat, briji yoyote itaingia”

Hapa ndipo matundu yangu yalipotokea. Briji ya skrubu sita ya mtindo wa miaka ya 1950 ina milimita 56.4 kutoka skrubu ya kwanza hadi ya sita. Nakala nyingi za bei nafuu zina takriban 52.5. Kwa macho huoni tofauti. Ukiweka briji mpya juu ya matundu ya zamani, skrubu ya kwanza inaingia vizuri, ya pili inalala kidogo, ya tatu inagoma. Mtu mwenye haraka (na mimi nilikuwa na haraka) hutoboa mapya ubavuni mwa yale ya kale, matundu yanaungana, na mbao inabaki haina pa kuishika skrubu. Njia safi ni kuziba matundu yote kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi ya mbao, kungoja ikauke kabisa, ndipo upime na kutoboa upya.

Hata ukifaulu kuifunga, hujamaliza. Nafasi kati ya nyuzi inafuata briji, kwa hiyo briji pana inasogeza uzi wa E wa kila upande karibu na ukingo wa shingo. Ukicheza kwa nguvu, uzi mwembamba unateleza nje ya freti.

Halafu kuna unene. Mwili wa Stratocaster halisi una takriban milimita 45. Nakala nyingi ni nyembamba zaidi. Chini ya bamba la briji kuna bloku inayoshuka ndani ya mwili, na bloku ndefu kwenye mwili mwembamba hutokeza mgongoni hata kifuniko hakifungi. Kwa hiyo chukua rula, au kalipa ukiwa nayo, upime vitu vitatu: skrubu ya kwanza hadi ya sita, katikati hadi katikati; uzi wa kwanza hadi wa sita pale kwenye sadeli, vile vipande vidogo vya briji ambavyo nyuzi hupita juu yake; na unene wa mwili. Andika kwenye karatasi kabla hujafungua tangazo lolote la vipuri.

Wenye nakala za Les Paul, gitaa la Gibson, wasicheke. Kwao shida ni hesi, ile mifereji ya skrubu inayojizungusha: vipuri vya Marekani vinatumia hesi za inchi, nakala nyingi zinatumia za milimita. Nguzo ya briji inaanza kuingia kwa raha, inakaza katikati, na anayelazimisha anaharibu hesi ya soketi iliyomo ndani ya mbao.

“Bloku nzito ya chuma itaibadilisha sauti yote”

Fender walipoitoa Stratocaster mwaka 1954, bloku yake ilikuwa ya chuma. (Waliuita mtambo huo tremolo, ingawa kinachobadilika ni kimo cha sauti, na jina lake sahihi ni vibrato. Kosa limeshakuwa la kudumu.) Nakala nyingi zina bloku ya zinki, nyepesi na nyembamba. Chukua sumaku uiguse: chuma kitaivuta, zinki haitajali.

Je, tofauti ya sauti ipo? Mimi naisikia, hasa uzi unapoachwa uvume bila kuguswa, lakini ni ndogo. Nyuzi mpya na pikapu (zile za gitaa zinazonasa mtetemo wa nyuzi, si gari) zilizowekwa kimo sahihi hubadilisha sauti zaidi, na hazidai tundu hata moja. Bloku naiweka mwisho kwenye orodha yangu. Kinachoweza kuifanya ipande juu ni tundu la mkono wa tremolo lililolika hesi, maana hapo mkono unayumba na huna namna nyingine.

“Briji ya bei nafuu haiwezi kupangwa sauti ikawa sahihi hadi juu”

Inaweza. Sadeli sita zinasogea mbele na nyuma kwenye briji rahisi kama kwenye ghali. Cheza freti ya 12, kisha gusa uzi uleule juu ya freti hiyo bila kuubonyeza ili utoe sauti yake ya kengele. Sauti ya freti ikiwa juu zaidi, rudisha sadeli nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, isogeze mbele. Fanya hivyo kwa nyuzi mpya, la sivyo utakuwa unapanga kutu.

Nyuzi kukatika nako kunasingiziwa sana. Tazama zilipokatikia. Ikiwa kila mara ni palepale kwenye sadeli, kuna ncha kali ya chuma. Msasa laini wa namba 1000 na dakika mbili vinatosha.

Mfumo mmoja tu wa bei nafuu siutetei: nakala duni za briji ya tremolo iitwayo Floyd Rose. Briji hiyo inaegemea nguzo mbili kwa makali mawili kama ya kisu. Chuma cha makali hayo kikiwa laini, yanalika, na briji hairudi tena mahali pake hata upake nini. Hapo kubadilisha ni haki, baada ya kupima umbali wa nguzo.

“Ni skrubu tu, hakuna umeme pale”

Upo. Nyuma ya nakala ya Strat kuna bamba dogo linaloshika springi za tremolo, na juu yake umelehemewa waya wa ethi. Kwenye Telecaster, gitaa jingine la Fender, waya huo hubanwa tu chini ya briji, kwa hiyo ukiinua briji unaachia bila kukuaga. Ukiusahau, gitaa litanguruma mfululizo, na kugusa nyuzi hakutapunguza kitu. Kabla ya kukaza skrubu ya mwisho, weka multimita (kipima umeme) kwenye mlio, gusisha ncha moja kwenye uzi na nyingine kwenye ganda la jeki, pale kebo inapochomekwa. Isipolia, fungua tena.