Je, wajua kwa nini picha nyingi za vikao zinafanana?

"Mgeni rasmi (katikati, waliokaa) akiwa katika picha ya pamoja na washiriki wa semina." Maelezo haya tumeyasoma mara nyingi mno, na picha yenyewe huwa ile ile: bango nyuma, chupa za maji mezani, watu wamekakamaa. Sababu ni kwamba imepigwa wakati kikao kimesimama, watu wameshaacha kufanya kilichowakutanisha.

Chukua mfano wa vikundi vya kuweka na kukopa. Katika vikundi vingi, sanduku la fedha lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti, ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake. Basi siku ya kikao watatu hao huinama pamoja juu ya sanduku, huku wengine wote wamekodoa macho. Hapo ndipo pa kupiga. Sogea karibu kwa miguu, maana kukuza kwa vidole kwenye simu nyingi hufika mahali kukawa ni kuikata picha tu na kuifanya ichakae. Chutama mpaka simu iwe usawa wa meza, upate mikono, funguo na nyuso kwa pamoja. Hata asiyekijua kikundi ataelewa kinafanya nini. Omba ruhusa mapema, na usioneshe hesabu za mtu kwenye kitabu chake cha akiba.

Mweka hazina anaposoma mapato, wageukie wanaomsikiliza. Msomaji ameinamia karatasi. Habari iko kwenye nyuso za wenye fedha zao.

Halafu kuna mwanga, na hapa ndipo picha nyingi hufia. Kamera ikiachiwa ijiamulie, hupima mwanga wa eneo kubwa la picha. Mtu akikaa mbele ya dirisha, kamera huona weupe mwingi na kupunguza mwanga, na uso wake, hasa wenye ngozi nyeusi, unabaki kivuli. Hamia upande wa dirisha ulipe mgongo wewe. Ikishindikana, gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu ili kamera ipime hapo. Flashi haisaidii sana ukumbini: aliye mita 4 hupata robo tu ya mwanga anaoupata aliye mita 2, ndiyo maana safu ya mbele hung'aa na ya nyuma humezwa na giza.

Picha ya pamoja bado itahitajika, na ni haki ya watu kuipata. Ila piga kadhaa. Mwaka 2006 Piers Barnes na Nic Svenson wa taasisi ya utafiti ya CSIRO, Australia, walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha, kwa kukokotoa idadi ya picha zinazotakiwa ili ipatikane moja ambayo hakuna aliyefumba macho. Kwa kundi lisilofika watu 20, gawanya idadi yao kwa 3 kama mwanga ni mzuri, kwa 2 kama ni hafifu. Watu 15 juani: picha 5. Rudi nyuma kidogo pia, kwani lenzi pana huwavuta walio pembeni wakaonekana wanene.

Ukishasema "asanteni", usishushe simu. Mabega yatalegea, mtu atamtania mwenzake, wengine watamvuta aliyechelewa. Endelea kupiga.