Jina la msambazaji halitoshi: ninavyotega arifa za bure za habari

Kiwanda cha vifuniko kiliungua usiku wa Jumamosi. Kufikia Jumapili mchana gazeti moja la Kenya lilikuwa limeshaiweka habari hiyo mtandaoni, pamoja na picha ya paa lililobonyea. Mimi niliijua siku kumi na tisa baadaye, hapa kwenye viwanda vya Namanve, Uganda, nimesimama mbele ya mashine ya kujaza chupa iliyozimwa, kwa sababu ghalani zilikuwa zimebaki katoni mbili tu za vifuniko vya milimita 28. Wakala aliyekuwa akituuzia alijibu simu kila mara kwa maneno yale yale: "Mzigo uko njiani, ndugu yangu." Vibarua thelathini na wawili walirudi nyumbani wiki ile bila ujira. Habari ambayo ingewaokoa ilikuwa imekaa mahali pa wazi, haina malipo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameitafuta.

Kazi yangu ni ununuzi na ugavi viwandani, na tangu wakati ule kila asubuhi naanza kwa kusoma arifa. Natumia Google Alerts, huduma iliyopo tangu 2003 na isiyotozwa hata shilingi moja. Unaandika maneno unayoyataka, na yanapojitokeza kwenye ukurasa mpya ambao Google imeupitia, unaletewa barua pepe. Wengi niliowafundisha huandika jina la kampuni inayowauzia mali, wakangoja mwezi mzima, wasipate kitu, wakaachana nayo. Wanasema haifanyi kazi. Inafanya, ila wameitega pasipopita mtu. Kampuni ndogo ya Kampala haiandikwi gazetini mpaka iwe imeshakufa. Kinachoandikwa mapema ni kiwanda kinachoizalishia mali, bandari inakopitia, benki inayoikopesha, mpaka ambako malori yake yamekwama.

Kwa hiyo kabla hujafungua kompyuta, nenda ghalani. Chukua katoni, igeuze, usome maandishi madogo ya ubavuni. Ukinunua kwa mfanyabiashara wa Kikuubo, soko la jumla la Kampala, risiti ina jina lake, lakini katoni ina jina la kiwanda na mji wake: Thika, Mombasa, Dar es Salaam, Vapi, Guangzhou. Hilo la kwenye katoni ndilo la kuandikia arifa. Sisi tulipofanya hivyo tuligundua kwamba kati ya mawakala watatu tuliokuwa tukiwategemea ili mmoja akikwama mwingine atuokoe, wawili walikuwa wakichota kisima kimoja. Ugunduzi huo peke yake ulitosha kulipia siku nzima ya kugeuza makatoni.

Kisha chora njia ya mzigo, kwa kalamu na karatasi. Uganda haina bahari. Mali nyingi ya ng'ambo inatufikia kwa Mombasa, ikaingilia Malaba au Busia, au kwa Dar es Salaam, ikaingilia Mutukula. Januari 2022 madereva wa malori walikwama na kugoma upande wa Kenya wakipinga kutozwa dola 30 za kupimwa Covid mpakani. Mafuta yakaadimika huku kwetu, na sehemu kadhaa za nchi bei ya lita ya petroli ikapita shilingi 10,000. Aliyetega jina la kampuni inayomuuzia mafuta alibaki gizani. Aliyetega neno Malaba aliona foleni ikirefuka.

Njia uliyoichora inakuepusha pia na hofu ya bure. Mwishoni mwa 2023, wapiganaji wa Houthi walipoanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu, kampuni nyingi za meli ziliacha mfereji wa Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikaongezeka siku kumi au zaidi. Arifa zikamiminika. Mkubwa wangu alitaka tuagize upya kila kitu siku ile ile. Tukaitandaza karatasi mezani. Mali ya India inayokuja Mombasa inakatiza Bahari ya Hindi moja kwa moja, haikaribii Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu. Kilichokuwa kikipita pale ni vipuri vya mashine yetu kutoka Italia. Tukaagiza vipuri mapema, mengine tukayaacha kwenye ratiba yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijawahi kulisikia likifundishwa kwenye mafunzo ya ugavi niliyohudhuria, nalo ni lugha. Wenzangu wengi hutega arifa kwa Kiingereza tu. Lakini bandari zetu zote mbili zinaongea Kiswahili. Madereva wakigoma Mombasa, Taifa Leo litaandika. Forodha ikielemewa Dar, Mwananchi litaandika. Ukiwa na maneno ya Kiingereza peke yake, nusu ya macho yako umeyafumba.

Ila Kiswahili kina mtego wake. Lugha yetu hubadilisha neno mwanzoni, na usitegemee kwamba Google itajua kuwa mgomo, migomo, wagoma, wamegoma na kugoma ni ukoo mmoja. Lazima uyaandike yote. Halafu vichwa vya habari vina sarufi yake. Mhariri haandiki "madereva wamegoma", anaandika "Madereva wagoma". Haandiki "kampuni imefilisika", anaandika "Kampuni yafilisika". Na kitenzi kinafuata ngeli: kiwanda chateketea, kampuni yateketea, ghala lateketea. Miezi ya kwanza nilikuwa nimeweka "yateketea" tu, na habari za viwanda zilikuwa zinanipita pembeni. Leo arifa yangu ya mpakani imeandikwa hivi:

Malaba mgomo OR wagoma OR wamegoma OR kugoma OR foleni OR msongamano

Neno OR lazima liwe kwa herufi kubwa. Ndilo linaloiambia Google "hili au lile". Ya kiwanda iko hivi, na jina la kiwanda linafungwa ndani ya alama za kunukuu ili lichukuliwe kama lilivyo:

"jina la kiwanda" moto OR chateketea OR yateketea OR lateketea OR chafungwa OR yafungwa OR yafilisika OR mufilisi OR mnada

Kwa wasambazaji wa humu nchini ninaongeza neno la Kiluganda, kwa mfano omuliro, kwa sababu moto wa Kawempe au Nakawa unaweza kusomwa kwenye Bukedde, gazeti la Kiluganda, kabla haujafika kwenye magazeti ya Kiingereza. Kazi hii ya maneno inachosha, inakula jioni mbili. Ifanye kwa moyo wote, maana ndiyo arifa yenyewe. Vilivyobaki ni vitufe.

Vitufe hivyo viko vichache. Kwenye lugha chagua yoyote, na kwenye eneo chagua lolote, la sivyo habari ya Thika itachujwa kwa kuwa wewe uko Uganda. Kwenye idadi chagua matokeo yote badala ya yale bora tu, kwa sababu habari ya kampuni ndogo huwa kwenye tovuti ndogo. Arifa za mpaka na bandari ninaziweka zije papo hapo, za viwanda mara moja kwa siku. Tumia anwani ya barua pepe ya idara, si yako binafsi, ili siku ukienda likizo ya uzazi au ukihama kazi, mwenzako aendelee kuziona.

Majina ya kampuni zetu ni balaa lingine. Nile, Pearl, Victoria: nusu ya Uganda imejiita hivyo. Arifa ya kampuni yenye neno Nile itakuletea bwawa la Ethiopia, hoteli za Jinja na mashindano ya kupiga makasia. Weka jina zima ndani ya alama za kunukuu, kisha ondoa kelele kwa alama ya kutoa iliyobandikwa mbele ya neno usilolitaka bila nafasi: -hoteli, -utalii. Ongeza majina ya wakurugenzi kama yalivyosajiliwa URSB, ofisi ya usajili wa kampuni ya Uganda. Kesi za madai zinaweza kumtaja mwenye kampuni kabla ya kampuni yenyewe.

Arifa ikija, usikimbilie kumshutumu mtu. Mwaka juzi niliona habari kwamba wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha gundi wamegoma. Gundi ile ndiyo inayotumiwa na mama mmoja wa Industrial Area anayetuchapia lebo. Nilimpigia. "Habari za asubuhi, mama. Nimesoma kuhusu mgomo wa wale wa gundi, poleni sana. Mmebaki na ya siku ngapi?" Akanyamaza kidogo. "Ya siku nane, mwanangu. Sikutaka kuwatia wasiwasi." Alikuwa anaogopa tutamhama. Tukakubaliana achape kwanza lebo za chupa ndogo, zinazotoka haraka, za chupa kubwa zisubiri. Siku ya tisa gundi iliisha, na sisi tulikuwa na lebo za wiki tatu. Wasambazaji wengi wanaficha kwa woga, si kwa ubaya. Ukiwa na habari mkononi na sauti ya upole, watakuambia.

Kuna yasiyofikiwa na arifa, na haya lazima yafanywe kwa mkono. Matangazo ya mnada wa benki kwenye New Vision na Daily Monitor mara nyingi ni picha ya karatasi, na maneno yaliyo ndani ya picha hayaokotwi kwa urahisi. Orodha ya wazabuni waliosimamishwa na PPDA, mamlaka ya ununuzi wa umma ya Uganda, naifungua mwenyewe kila mwanzo wa mwezi, pamoja na Gazeti la Serikali. Makundi ya WhatsApp ya mawakala wa forodha arifa haiyaoni kabisa. Na arifa inahitaji intaneti: Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku zipatazo tano, na tulio ndani hatukuletewa barua pepe hata moja wakati malori yetu yakiwa barabarani.

Siku zile tano ndizo zilizonifanya nitafute namba za madereva wawili wanaopita Malaba kila wiki. Nawapigia simu ya kawaida, siyo ya intaneti, na kila mwezi nawatumia muda wa maongezi. Wiki iliyopita saa kumi na mbili asubuhi mmoja wao alinipigia kabla sijafungua barua pepe. "Kaka, mashine ya kukagua mizigo imeharibika tangu jana usiku. Wewe una kontena nyuma yangu, sivyo?" Nilikuwa nayo. Nikawaambia watu wa ghala waahirishe uzalishaji kwa siku mbili. Arifa ya mgomo na foleni iliingia jioni.