Mkato kwenye mfupa haupimi kilo za nyama

Mjadala wa lishe ukianza tu, atatokea mtu aseme nyama ndiyo iliyokuza ubongo wa binadamu, na ushahidi wake ni ule ule: mifupa ya kale ya wanyama iliyochimbwa Olduvai, yenye mikato ya zana za mawe. Nimechoka. Mifupa hiyo haisemi hivyo.

Kula nyama peke yake hakutoshi kueleza lolote. Sokwe wa Gombe wanakula nyama, jambo ambalo mtafiti Jane Goodall aliliona mwaka 1960, na ubongo wao haufiki theluthi ya wetu. Tuliache hilo, twende kwenye mikato.

Mfupa huchunguzwa kwa lenzi inayokuza mara 10 hadi 20, taa kali ikimulika kwa ubavu, huku ukiuzungusha taratibu. Jiwe huacha mfereji mwembamba wenye umbo la V, na ndani yake michirizi myembamba inayofuata urefu wa mfereji. Jino la fisi huacha mfereji mpana, sakafu yake imepondeka. Unaosumbua ni mfupa uliokanyagwa na wanyama, kwa sababu chembe za mchanga nazo hukata V. Dalili zake ni mikwaruzo isiyo na kina, inayopishana ovyo, isiyojali misuli ilishika wapi. Ndiyo maana mifupa ya Dikika, Ethiopia, iliyotangazwa mwaka 2010 kuwa na mikato ya miaka milioni 3.4, bado inabishaniwa.

Habari kubwa iko mahali mkato ulipo. Simba huwahi minofu ya paja, kwa hiyo mkato katikati ya mfupa wa paja unaashiria kwamba mwenye jiwe alifika minofu ikingalipo. Mikato hiyo ipo FLK Zinj, eneo la uchimbaji huko Olduvai, kwenye tabaka la miaka milioni 1.84 hivi. Lakini wapo wanaohesabu alama nyingi za meno katikati ya mifupa hiyo hiyo na kusema simba walitangulia, na wapo wanaojibu kwamba nyingi kati ya hizo ni kazi ya kuvu na mizizi. Wote ni wazoefu na mifupa ni ile ile, ila hesabu haziafikiani. Vitabu vya shule hulificha hili, na wanafunzi wanastahili kulijua.

Hata tungeafikiana, mchinjaji stadi huchuna mguu mzima bila kugusa mfupa, na asiye stadi huacha mikato kumi kwa mnofu mdogo. Uchambuzi wa mtafiti W. Andrew Barr na wenzake wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba ule wingi wa mikato baada ya kutokea Homo erectus, binadamu wa kale, unafuata wingi wa uchimbaji wetu wenyewe: tabaka za kipindi hicho tumezichimba zaidi, ndiyo maana tunakuta mikato zaidi.

Halafu, kwa nini nyama tu? Mnyama wa kiangazi hukonda, na ini la binadamu hulemewa protini ikizidi theluthi hivi ya nishati ya siku. Gramu ya mafuta ina kilokalori 9, ya protini 4. Uboho, wenye mafuta tele, hubaki ndani ya mfupa simba akishaondoka, na nyundo ya jiwe huufikia. Vishimo vya nyundo hizo tunaviona vizuri FLK Zinj, lakini wapenda nyama hawavitaji.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya, huchimba mizizi, huokota ubuyu na kurina asali. Kambi yao ikifukiwa leo, atakayeichimba baada ya miaka milioni atakuta mifupa, na mizizi hakuna.