Kuuza Nyumba na Kubaki Ndani

Hapa Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Kisauni, utasikia watu wakisema: "Aliyeuza nyumba akabaki ndani akilipa kodi, nyumba bado ni yake. Akipata pesa atarudishiwa." Sivyo. Hatimiliki ikishaandikishwa kwa jina la mnunuzi, aliyeuza ni mpangaji, hata kama alizaliwa katika chumba kile kile.

Imani hii haikutoka hewani. Wazee wa pwani waliijua bei ya khiari: mtu aliuza nyumba, akaendelea kukaa humo kwa kodi, na akirudisha pesa ndani ya muda waliowekeana, mali humrudia. Lakini khiari hiyo ilikuwa sharti la mapatano yenyewe. Haikuletwa na kule kubaki ndani.

Kwa sheria ya Kenya, mkataba wa kuuza ardhi au nyumba huandikwa, ukatiwa saini na saini zikashuhudiwa. Ahadi ya barazani, hata baina ya ndugu, haitoshi. Unataka haki ya kuinunua tena? Iandikwe humo, pamoja na bei na muda. Mkataba wa upangaji uandikwe kando. Na siku ukiinunua, ushuru wa stempu, yaani malipo ya serikali ya kuhamisha umiliki, asilimia 4 ya thamani ya nyumba kwa mjini, hulipwa upya.