Mapovu kwenye chupa ya mtoto njiti

Mtoto njiti akiwekewa mirija puani, ndugu wengine huanza msiba moyoni. "Kawekewa oksijeni" kwao maana yake ni "anakwenda". Sisi tunaokesha kwenye wodi ya watoto wachanga tunaiona mirija ileile kwa jicho jingine: huyu amepata msaada mapema.

Mapafu yana vifuko vidogo vya hewa, na ndani yake kuna ute laini unaovizuia visinatane mtoto anapotoa pumzi. Ute huo huanza kutengenezwa karibu na wiki ya 24 ya ujauzito, lakini kwa kawaida hautoshi mpaka wiki ya 34 au 35. Aliyezaliwa kabla ya wakati hulazimika kuvibandua vifuko hivyo upya kila anapovuta hewa. Ndiyo maana anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, kifua kinabonyea, na kila akitoa pumzi anaguna.

Mguno huo si kilio. Anabana koo ili hewa isitoke yote. Kifaa cha CPAP, yaani cha kusukuma hewa mapafuni kupitia ile mirija ya puani, humfanyia kazi hiyohiyo bila kumchosha: hewa inaingia puani mfululizo, na ncha ya mrija wa kutolea inazamishwa kwenye chupa ya maji, sentimita 5 mpaka 8 hivi. Kadiri ncha inavyozama ndivyo msukumo unavyoongezeka. Maji yakitoa mapovu, msukumo unafika. Mapovu yakikoma, huenda mrija umechomoka puani au mtoto ameachama. Mama, muite muuguzi hapo hapo, usiiguse chupa.

Tunaombwa sana "tuongeze oksijeni". Hapana. Kwa njiti anayepewa oksijeni tunalenga kiwango cha oksijeni kwenye damu kiwe asilimia 90 hadi 95, kwa sababu ikizidi inaweza kumharibia macho.

Anayezidiwa hupewa safaktanti, yaani ute wenyewe, ambao mara nyingi hutolewa kwenye mapafu ya ng'ombe au nguruwe na kuingizwa moja kwa moja kwenye njia ya hewa. Ni ghali, na hospitali nyingi hazina. Wanaosahau kupumua hupewa kafeini. Ndiyo, ni ileile ya kwenye kahawa, ila hii ni dawa yenye kipimo chake; asije bibi akamlambisha mtoto kahawa.

Lakini tiba ninayoitamani zaidi huanza kabla mtoto hajazaliwa: sindano za deksamethazoni anazochomwa mama ili mapafu ya mtoto yakomae. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2020, Kenya ikiwemo, ulionesha zinapunguza vifo vya watoto hawa. Zinahitaji muda kufanya kazi, hivyo uchungu ukianza au chupa ya uzazi ikipasuka kabla ya wakati usisubiri kupambazuke. Nenda na kadi ya kliniki, maana tunahitaji kujua wiki zako, na ikiwezekana ufikie hospitali yenye wodi ya njiti, mtoto akiwa bado tumboni.

Akishazaliwa, kifua chako nacho ni tiba. Utafiti wa mwaka 2021, uliofanyika Tanzania na nchi nyingine nne, uliwaweka watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie, na waliopona walikuwa wengi zaidi. Kwa hiyo usishangae muuguzi akikuambia ufungue vifungo vya gauni, akakulazia mtoto kifuani na mirija yake puani, chupa ikiendelea kutoa mapovu pembeni ya kitanda.