Nyota Iitwayo Moto: Kusoma Anga katika Kichina cha Kale

Mswahili akisema "mwezi wa Ramadhani" na akisema "mwezi umeandama", neno ni lilelile na hakuna anayechanganyikiwa. Kichina nacho kiko hivyo. Herufi 月, inayosomwa yue, ni mwezi wa angani na ni mwezi wa kalenda. Imekuwa hivyo tangu maandishi ya kwanza ya Kichina tuliyo nayo, yale yaliyochongwa kwenye mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe huko Anyang zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Kwenye jua wao wanapiga hatua moja zaidi: 日, ri, ni jua na pia ni siku.

Vijana wengi wa Afrika Mashariki wanajifunza Kichina siku hizi, na wachache wao hufika hadi kwenye Kichina cha kale. Wakifika huko hudhani kwamba anga ndiyo sehemu nyepesi, maana jua ni jua popote na nyota ni nyota. Sisi tunaofundisha somo hili tunajua kwamba hapo pana mtego, na mtego wenyewe uko katika neno dogo tu: huo, yaani moto.

Katika Shijing, mkusanyiko wa mashairi ya kale kuliko yote ya Kichina, kuna shairi linaloanza kwa maneno qi yue liu huo. Neno kwa neno: mwezi wa saba, moto unatiririka. Hata Wachina wa leo wengi huuchukua mstari huu kuelezea joto kali la Julai, na magazeti yao huutumia hivyo. Mshairi alikuwa anasema kinyume kabisa. Huo katika shairi hili ni jina la nyota, ile nyekundu ambayo leo ramani za anga huiita Antares, iliyo kifuani mwa kundinyota la Nge. Katikati ya kiangazi cha China, nyota hii husimama juu upande wa kusini giza linapoingia. Ukifika mwezi wa saba wa kalenda ya kale, jua likizama nayo huwa tayari imeinama magharibi. "Kutiririka" ni huko kushuka kwake. Mstari unaofuata unasema kwamba mwezi wa tisa watu hugawiwa nguo. Shairi linaonya kwamba baridi inakuja.

Sasa mwanafunzi akifungua kamusi ya leo atakuta huoxing, "nyota ya moto", na maana yake ni sayari ya Mirihi. Akiichukua maana hiyo akaipachika kwenye shairi, amepotea. Katika Kichina cha kale jina maalumu la Mirihi lilikuwa Yinghuo, neno lenye maana ya kitu kinachometameta na kutia watu mashaka. Waliomwita hivyo walikuwa na sababu: Mirihi hubadilisha mwanga wake, mara huwaka sana, mara hufifia, na kuna miezi ambapo huonekana kurudi nyuma kati ya nyota. Ilipotokea Yinghuo ikasimama karibu na ile nyota nyekundu ya Moto, wanajimu wa ikulu waliingiwa na hofu kwa ajili ya mfalme wao. Wagiriki nao waliona nyekundu mbili zikikaribiana, na ndiyo maana jina Antares kwao ni mshindani wa Ares, yaani Mirihi.

Majina ya zamani ya sayari nyingine yalitokana na mwenendo au mwonekano wake kwa namna hiyohiyo. Mushtari iliitwa Suixing, nyota ya mwaka, kwa kuwa hulizunguka anga kwa karibu miaka 12, hivyo kila mwaka hukalia sehemu moja kati ya kumi na mbili. Zuhura ilikuwa Taibai, nyeupe kuu. Katika Shijing ina majina mawili, Qiming inapotangulia jua alfajiri, na Changgeng inapobaki magharibi jioni. Zohali ilikuwa Zhenxing na Utaridi Chenxing. Majina wanayotumia Wachina leo, nyota ya maji, ya dhahabu, ya moto, ya mti na ya udongo, yanafuata fundisho la elementi tano. Ni mpango mzuri wa kukariri, lakini kwangu mimi kitu kimepotea hapo: jina la zamani lilikuambia sayari inafanya nini au inaonekanaje, na jina jipya linakuambia imepangiwa kundi gani.

Ukitaka kuona jinsi maneno haya yalivyozaliwa kwa kutazama, angalia neno xiu. Ni herufi 宿, na umbo lake la kale ni mtu aliyelala juu ya mkeka ndani ya nyumba. Kwa kitenzi ni kulala mahali usiku mmoja. Kwa anga ni kila kituo kati ya vituo 28 ambavyo mwezi hupitia, kwa kuwa huchukua siku 27 na theluthi hivi kurudi kwenye nyota zilezile. Msomaji wa mwambao aliyewahi kusikia manazili ya mwezi, ambayo nayo ni 28, ataelewa mara moja, kwani manzili kwa Kiarabu ni mahali pa msafiri kushuka na kupumzika. Orodha kamili ya majina ya xiu iliyo ya kale kuliko zote imeandikwa juu ya kasha la mbao lililopakwa laki, aina ya vanishi. Kasha hilo lilikutwa mwaka 1978 katika kaburi la Yi, mtawala wa dola ndogo ya Zeng aliyezikwa mnamo 433 KK, katika mkoa wa Hubei. Katikati ya kasha kuna herufi kubwa ya dou, na ubavuni pamechorwa joka upande mmoja na chui milia upande wa pili.

Dou ni kata, kata ya kuchotea. Hilo ndilo jina la zile nyota saba za kaskazini, na mfumo wa setilaiti wa China unaoitwa Beidou, Kata ya Kaskazini, umelichukua. Kimoja kati ya vile vituo 28 kinaitwa Ji, ungo. Kuna shairi la Shijing ambamo watu wa mashariki, waliochoshwa na kodi za wakubwa, wanatazama juu na kulalamika: kusini kuna ungo, lakini haupepeti nafaka, kaskazini kuna kata, lakini haichoti pombe. Sijui namna bora zaidi ya kuonyesha kwamba nyota hizi zilipewa majina na watu waliokuwa na ungo na kata mikononi mwao. Kilimia chetu pia wanacho, wanakiita Mao. Sisi jina letu limefungwa na kulima. Wao waliitumia Mao kutambua siku fupi kuliko zote za mwaka.

Jua likipatwa, sisi tunasema limepatwa. Wao waliandika kwamba limeliwa. Katika taarifa za Lu, dola ndogo ya China ya kale, kuliwa kwa jua kwa kwanza ni kule kwa 22 Februari 720 KK, tarehe ambayo hesabu za leo za falaki zimeithibitisha. Neno ni la hadithi, tarehe ni ya kweli, na msomaji asiliache la pili kwa sababu ya la kwanza.

Hata hivyo, neno ambalo limeifaa sayansi kuliko yote ni ke xing, nyota mgeni. Mgeni hakuwepo, akaja, akakaa, akaondoka. Haya ndiyo yote ambayo neno linadai. Nyota ya mkia ina majina yake: huixing, nyota ya ufagio, yenye mkia mrefu, na boxing, ile iliyotawanya nywele pande zote. Kitambaa cha hariri kilichotolewa mwaka 1973 katika kaburi la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 KK, kina michoro 29 ya nyota za mikia za maumbo mbalimbali. Kwa hiyo mwandishi wa ikulu alipochagua kuandika "mgeni" wala si "ufagio", mara nyingi alikuwa anatuambia kwamba hakuona mkia.

Ndivyo walivyoandika tarehe 4 Julai 1054: mgeni ametokea karibu na Tianguan, nyota iliyo kwenye kundinyota la Ng'ombe. Alionekana hata mchana kwa siku 23, na hakutoweka kabisa usiku mpaka Aprili 1056. Hakuhama mahali pake. Mahali hapohapo leo darubini inaonyesha Nebula ya Kaa, wingu la gesi linaloendelea kutanuka, na ndani yake masalia ya nyota yanayozunguka mara 30 hivi kwa sekunde. Mgeni yule alikuwa nyota iliyolipuka. Wanasayansi wa karne ya 20 waliweza kuujua kwa uhakika umri wa wingu hilo kwa sababu watu wa karne ya 11 waliandika kwa makini walichokiona.

Majina ya Kichina niliyotaja hadi hapa yalitolewa na watu wa nchi kavu. Kuna jina moja lililotoka baharini. Ramani ya safari za Zheng He, kiongozi wa msafara wa merikebu za China aliyesafiri kati ya 1405 na 1433, ilichapishwa katika karne ya 17. Inaonyesha Mogadishu, Malindi na Mombasa, na imeambatana na michoro minne ya nyota za kuongozea jahazi. Humo urefu wa nyota juu ya upeo wa bahari unapimwa kwa zhi, yaani vidole, kama manahodha wa Kiarabu walivyopima kwa isbaa, nacho ni kidole. Na upande wa kusini kuna nyota nne ambazo maofisa wa ikulu ya kaskazini hawakuweza kuziona kwao. Mabaharia waliziita Denglonggu, kiunzi cha taa ya karatasi. Ni Msalaba wa Kusini. Mwezi wa Mei, saa tatu usiku, mtu aliyesimama ufukweni Malindi akageukia kusini ataziona nyota nne za taa hiyo zimesimama wima.